Kutoka Bweni la Mbweni hadi Kiti cha Askofu

Wamisionari waliofungua shule za wasichana Afrika Mashariki katika karne ya 19 hawakukusudia kulea viongozi. Walitaka wake wema kwa walimu na makatekista wao: wanawake wa kushona, kupika, kutunza nyumba safi na kusali. Lakini pamoja na sindano na uzi waliwapa wasichana hao Biblia, na Biblia ina mambo ambayo hakuna mkuu wa shule angeweza kuyazuia yasisomwe. Ina Debora, aliyekaa chini ya mtende akiamua mashauri ya Israeli. Ina Priska, ambaye pamoja na mumewe alimweka sawa mhubiri msomi Apolo. Ina Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, aliyetajwa kwa heshima na Paulo alipowaandikia Warumi.

Wanawake walipoanza kukisoma kitabu hicho wenyewe, kwa macho yao na kwa lugha zao, kanisa la Afrika Mashariki lilianza kubadilika polepole, na mara nyingi bila wakubwa wake kutambua.

Zanzibar, 1865–1902: wasichana wasio na ukoo

Mwaka 1865 Swema, msichana wa Kiyao mwenye umri wa miaka kumi hivi, alifikishwa Zanzibar pamoja na watumwa wengine. Baba yake alikuwa ameuawa na simba, familia ikaingia kwenye deni, na mdai akamchukua mtoto kama malipo. Mama aliufuata msafara kwa hiari yake ili asitengane na mwanawe, akaishiwa nguvu na kuachwa njiani afe. Swema mwenyewe alifika kisiwani akiwa amedhoofika hata akadhaniwa maiti. Alizungushiwa mkeka na kufukiwa kwenye kaburi la kina kifupi. Kijana mmoja kutoka kisiwa cha Réunion alisikia mlio wake, akamfukua na kumpeleka kwa masista Wakatoliki.

Kisa hiki kiliandikwa na mapadre wa Kifaransa waliokuwa wakitafuta wafadhili Ulaya, na msomaji hana budi kulikumbuka hilo. Hata hivyo kiini chake kina uzito. Swema alipata nafuu, akajifunza dini na kuanza kuwasaidia masista kuuguza wagonjwa. Siku moja aliletwa majeruhi, na Swema akamtambua kuwa mmoja wa watu waliosababisha kifo cha mama yake. Inasimuliwa kwamba alipambana na nafsi yake kwa sala kabla ya kumhudumia na kumsamehe. Hapa, mwanzoni kabisa, mtoto aliyekuwa amenunuliwa na kuzikwa hai alifanya uamuzi ambao hakuna mtu aliyeweza kumlazimisha kuufanya.

Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa wamefika Zanzibar mwaka 1864 wakiongozwa na Askofu William Tozer. Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka uliofuata wakapokelewa wasichana, na dada wa askofu, Helen Tozer, akawafundisha. Mwaka 1871 misheni ilipata shamba Mbweni, kusini mwa mji, na hapo ikajengwa shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria. Miaka miwili baadaye, Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Meli za kivita za Waingereza ziliendelea kukamata majahazi, na watoto waliookolewa wakapelekwa Mbweni.

Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 na kuiongoza shule hiyo hadi 1902. Alikaa Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1926, na kaburi lake liko Mbweni. Chini yake wasichana waligawanywa: walioonekana wepisi wa masomo walisomea ualimu, na wengine walifundishwa kazi za mikono. Mgawanyo huo uliwaumiza wengi, kwa kuwa mtoto aliyetolewa jahazini akiwa na hofu na njaa hakupewa muda mrefu wa kuonyesha akili yake.

Pamoja na kasoro hiyo, wahitimu wa Mbweni walisambaa bara kama walimu na wake wa walimu. Lucy Magombeani, aliyefundisha Mbweni, aliolewa na Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa pia. Mwaka 1886 walihamia Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, na mwaka 1890 Majaliwa akawa Mwafrika wa kwanza kupewa daraja la ukasisi katika UMCA. Vitabu vya historia vimemwandika Majaliwa kwa kurasa nyingi. Lucy ana mistari michache.

Hali ya wanawake hao inaeleza mengi yaliyofuata. Hawakuwa na ukoo, maana yake hawakuwa na mjomba wa kuwatetea wala shangazi wa kuwafunda. Vilevile hawakuwa na wazee wa kuwazuia. Kanisa ndilo lililokuwa ukoo wao, na ndani yake mwanamke aliyejua kusoma alikuwa na nafasi ambayo asingeipata penginepo pwani yote.

Buganda, 1886–1910: wasomaji

Kule Buganda mambo yalikwenda kwa namna nyingine, maana huko Injili iliwakuta watu wenye koo, vyeo na kasri. Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji, na historia ya mashahidi wao huhesabiwa kwa majina ya wanaume, vijana wa kasri la Kabaka Mwanga. Lakini Nuhu Mawaggali alipouawa Mityana tarehe 31 Mei 1886, dada yake Munaku alitoka mafichoni na kutangaza kwamba yeye pia ni Mkristo. Hakuuawa. Alitekwa, akakataa kuolewa na aliyemteka, na hatimaye Padre Siméon Lourdel akamkomboa. Alibatizwa kwa jina la Maria Matilda, na akaishi bila kuolewa katika utumishi wa kanisa.

Katika nchi ambamo mwanamke alihesabiwa kwa mume na watoto wake, kuchagua maisha hayo lilikuwa jambo la kushtua. Munaku alionyesha kwamba linawezekana. Wengine walifuata njia hiyo, na mwaka 1910 Masista wa Afrika, maarufu kama Masista Weupe, walianza kulea kundi la wasichana wa Buddu lililokuja kuwa shirika la Bannabikira, mojawapo ya mashirika ya kwanza kabisa ya watawa wa Kiafrika katika eneo lote hili. Masista hao walifundisha shule, waliuguza, walilima na walisimamia mali ya shirika. Kwa mara ya kwanza wanawake waliishi pamoja chini ya mkubwa ambaye ni mwanamke mwenzao, wakiwa na kanuni zao na hesabu zao.

Kwa upande wa Waanglikana, tarehe 4 Oktoba 1895 wanawake watano wa misheni ya CMS waliingia Mengo baada ya safari ndefu kutoka pwani na Askofu Alfred Tucker. Wanawake wa Buganda walijitokeza kwa wingi kuwalaki. Mwaka uliofuata Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa tayari. Utaratibu wa misheni ulidai anayetaka ubatizo awe anajua kusoma, na matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko sera yoyote ya elimu ya serikali ya kikoloni: bibi kizee, mjakazi na binti wa chifu waliketi kwenye mkeka mmoja wakikariri herufi. Wengi waliojifunza wakawa walimu wa wenzao.

Shule ya wasichana ya Gayaza ilifunguliwa Januari 1905, na kusudio lake la awali lilikuwa kuandaa mabinti wa machifu wawe mabibi wa nyumba za Kikristo. Jembe lilikuwa sehemu ya masomo kama Biblia ilivyokuwa.

Kadi ya ahadi na ngao, 1876–1931

Mwaka 1876, katika kijiji cha Old Alresford nchini Uingereza, mke wa kasisi aitwaye Mary Sumner aliwaita kina mama nyumbani kwake. Alitaka kuzungumza nao juu ya ulezi wa watoto, baada ya kuona binti yake akihangaika na mtoto wa kwanza. Wageni walipofika, tajiri na maskini pamoja, woga ulimshika hata akashindwa kusema, akawaomba warudi wiki inayofuata. Waliporudi alizungumza, akampa kila mmoja kadi yenye ahadi ya kuomba na kuwa mfano mwema kwa watoto wake. Miaka tisa baadaye, mwaka 1885, mama huyo mwoga alisimama mbele ya umati wa wanawake kwenye kongamano la kanisa mjini Portsmouth, na kuanzia hapo Mothers' Union ikaenea dayosisi baada ya dayosisi.

Chama hicho kilivuka bahari na wake wa wamisionari, na mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa kimefika Uganda, kisha kikaenea Kenya na Tanganyika. Leo wanachama wake wengi wako Afrika. Kilikuwa na ukali wake: hadi katiba mpya ya 1973 aliyeachika na mumewe hakuruhusiwa kuwa mwanachama, na kwa wanawake wengi wa Kiafrika, ambao ndoa zao zilivunjwa bila wao kuulizwa, mlango huo uliofungwa ulikuwa adhabu juu ya adhabu. Lakini ndani ya chama mama wa kijijini alijifunza kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu, kutunza fedha ambazo si zake na kusema mbele za watu bila kutetemeka. Kazi hizo ziliwajenga wengi katika uaminifu na ujasiri kuliko mahubiri mengi waliyosikia.

Katika nchi ya Wakikuyu jambo zito zaidi lilikuwa linapikwa. Kwenye misheni za Waskoti za Kikuyu na Tumutumu, kina mama Wakristo walikubaliana kutowatahiri binti zao na kuwalinda na shinikizo la jamii. Waliitwa Kiama Kia Ngo, baraza la ngao, na kutokana na juhudi hizo Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) linahesabu mwanzo wa chama chake cha wanawake, Woman's Guild, kuwa mwaka 1922.

Mwaka 1929 misheni kadhaa zilidai kila muumini atangaze hadharani kwamba anakataa tohara ya wasichana. Watu wengi walihama makanisa, shule za kujitegemea zikazaliwa, na mvutano huo ukaingia katika siasa za ardhi na ukoloni. Mapema Januari 1930 mmisionari mzee wa kike, Hulda Stumpf, aliuawa Kijabe. Wanaume wa pande zote mbili walihutubia, walipiga kura na kuandika magazetini. Wasichana wenyewe hawakuulizwa.

Ndipo mwishoni mwa 1931 kikundi kilichojiita Ngo ya Tuiritu, ngao ya wasichana, kikapeleka barua kwa baraza la wenyeji la Nyeri Kusini. Waandishi wake walieleza mshangao wao kuona wanaume wakilijadili jambo hilo kwa sauti kubwa ilhali wanaume hao hawazai na hawajui uchungu wake. Ni barua fupi ya wanawake wachache, na haikumaliza mgogoro. Lakini katika kumbukumbu za ukoloni wa Kenya ni nadra kukuta wanawake Wakristo wakiandika kwa jina lao wenyewe, bila mchungaji wala mume wa kuwasemea, wakiieleza serikali inavyopasa kufikiri juu ya miili yao.

Uamsho, 1929–1952

Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu kama yake ya maisha mapya ya kiroho. Church alirudi hospitalini kwake Gahini, Rwanda, na katika miaka iliyofuata uamsho ulianza huko na kusambaa: Kigezi, Kampala, kisha Kenya mwaka 1937, na Bukoba upande wa Tanganyika. Walokole, yaani waliookoka, walitubu hadharani, walirudisha walichoiba, walipatanisha Mhutu na Mtutsi, Mzungu na Mwafrika, na waliimba wimbo wa Tukutendereza popote walipokutana.

Wanahistoria wa uamsho huu huwataja zaidi Nsibambi, Blasio Kigozi na William Nagenda. Badiliko kubwa, hata hivyo, lilitokea kwa wanawake. Katika mkutano wa walokole kila aliyeokoka alikuwa na haki ya kutoa ushuhuda. Hakuhitaji cheti wala cheo. Mwanamke asiyejua kusoma aliweza kusimama mbele ya mumewe, chifu na mchungaji, akaeleza dhambi alizotubu na jinsi Yesu alivyomweka huru, na wote wakamsikiliza kama dada. Mume mlokole alitarajiwa kumwomba mkewe radhi mbele ya watu kwa kumpiga au kumdanganya. Wapo walioona huo ni utovu wa adabu na uvunjaji wa siri za nyumba, na kwa desturi za wakati ule walikuwa na sababu. Lakini ndani ya ndoa za walokole mizani ilisogea.

Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, walokole wa Kikuyu, wanawake kwa wanaume, waliingia kwenye mtihani mkali. Walikataa kiapo cha Mau Mau kwa sababu walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, na wengi wao wakakataa pia kushika bunduki za serikali. Pande zote mbili ziliwashuku, na wengine waliuawa.

Kati ya Makerere na jumuiya ndogo, 1945–1976

Shule zilizoanza kwa sindano na jembe zilikuwa sasa zinatoa wasomi. Sarah Nyendwoha wa Hoima, baadaye Sarah Ntiro, aliingia Makerere mwaka 1945 miongoni mwa wanawake wa kwanza, na mwaka 1954 alihitimu Oxford. Alirudi kufundisha Gayaza. Alipogundua kwamba analipwa chini ya wanaume wenye elimu kama yake, alikataa mshahara huo na kuendelea kufundisha bila malipo hadi jambo liliporekebishwa. Kenya nayo ilikuwa imepata shule ya sekondari ya wasichana wa Kiafrika huko Kikuyu mwaka 1948, inayojulikana leo kama Alliance Girls.

Uhuru ulipofika, wachungaji na mapadre wenyeji walichukua nafasi za wamisionari, lakini wote walikuwa wanaume. Wanawake walijaza viti vya kanisa, walipika kwenye sherehe na kuchangisha fedha za kuezeka paa. Maamuzi yalifanyika kwenye vikao ambavyo hawakualikwa.

Msukumo ulitoka chini. Mwaka 1972 Wakatoliki wa Tanzania waliunda chama cha wanawake, WAWATA, na mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa umoja wa Afrika Mashariki, AMECEA, walikutana Nairobi na kuamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kazi ya kichungaji katika kanda nzima. Kanisa likahamia majumbani: familia kumi au kumi na tano za jirani, Injili ya Jumapili ijayo, sala kwa wagonjwa, mchango wa msiba. Waliohudhuria kwa uaminifu walikuwa kina mama, kwa hiyo wao ndio waliochaguliwa kuwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina. Mwanamke aliyemaliza darasa la nne alisoma Maandiko kwa sauti, akawauliza majirani neno hilo linawaambia nini juu ya mgogoro wa mpaka wa shamba kati ya nyumba ya tatu na ya nne, na akausuluhisha.

Kazi hii haijawahi kuheshimiwa inavyostahili. Padre mmoja mwenye vigango kumi na viwili asingeweza kuiendesha parokia yake hata kwa mwezi mmoja bila wanawake hao.

Kuwekewa mikono, 1973–1991

Florence Njangali alizaliwa Bunyoro mwaka 1908. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kusoma teolojia katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, na kwa miaka mingi alipigania wanawake watumishi wapewe mafunzo na hadhi sawa na wanaume waliosoma nao. Mwaka 1973 aliwekwa kuwa mhudumu rasmi wa kanisa, cheo ambacho wengi walikiona kama kikomo kwa mwanamke. Yeye hakukiona hivyo.

Dunia ya Waanglikana ilikuwa ikibadilika. Mwanamke Mchina, Li Tim-Oi, alikuwa amepewa ukasisi mapema mwaka 1944, wakati wa vita, kwa ajili ya Wakristo wa Macau waliokosa kasisi. Mwaka 1978 maaskofu waliokutana Lambeth waliyaachia majimbo yaamue yenyewe. Mlango ulikuwa umefunguka nusu, na Afrika Mashariki baadhi ya maaskofu hawakungoja ufunguke wote.

Henry Okullu wa Maseno Kusini alimweka Lucia Okuthe kuwa shemasi mwaka 1980 na kasisi mwaka 1983, kabla jimbo la Kenya halijakubali. Desemba mwaka huo huo wa 1983 Festo Kivengere wa Kigezi, mwana wa uamsho na mhubiri aliyejulikana duniani kote, aliwapa ukasisi wanawake watatu. Kivengere alikuwa ameishi miaka mingi katika mikutano ambamo wanawake walishuhudia sawa na wanaume, na kwake kuwawekea mikono kulitokana na kile alichokuwa amekwisha kukiona. Njangali alifariki mwaka uliofuata, 1984.

Kwa Wapresbiteri wa Kenya, Nyambura Njoroge alipewa uchungaji mwaka 1982, wa kwanza katika PCEA. Waanglikana wa Kenya waliruhusu rasmi ukasisi wa wanawake mwaka 1990. Mwaka huo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) nalo lilifungua mlango, likaziachia dayosisi zake ziamue wakati wa kuanza, na wachungaji wa kwanza wanawake wakabarikiwa mwaka 1991. Baadhi ya dayosisi zilikubali haraka, nyingine zilichukua miaka. Miongoni mwa Waanglikana wa Tanzania, dayosisi zenye mapokeo ya UMCA, hao hao waliojenga Mbweni, zilikuwa nzito kuliko nyingine zote.

Waliopinga walitaja barua za Paulo kwa Timotheo na kwa Wakorintho. Waliounga mkono walitaja Fibi, Priska na Maria Magdalena, aliyetumwa kuwaambia mitume kwamba Bwana amefufuka. Mabishano hayo hayakuwa mzaha, na watu wa pande zote waliliheshimu Neno. Lakini mara nyingi kilichogeuza kura ndani ya sinodi kilikuwa mwenendo wa mwanamke fulani ambaye wajumbe walimfahamu: mwinjilisti aliyekuwa akiendesha mtaa kwa miaka 20 bila cheo na bila mshahara wa maana, na ambaye hakuna aliyeweza kutaja doa lake.

Kusoma kwa macho mapya, 1989–2000

Mwaka 1989 mwanateolojia wa Ghana Mercy Amba Oduyoye aliwakusanya wanawake wa Kiafrika mjini Accra na kuanzisha Duara la Wanateolojia Wanawake wa Afrika. Wito wao ulitokana na Marko sura ya 5, pale Yesu anapomshika mkono binti wa Yairo na kumwamuru ainuke. Wakenya walishiriki kwa nguvu. Musimbi Kanyoro, Mlutheri, alikuja kuliratibu duara hilo na baadaye kuwa katibu mkuu wa YWCA ya dunia. Nyambura Njoroge aliandika kitabu juu ya Kiama Kia Ngo na Woman's Guild, kilichotoka mwaka 2000, akawarudishia bibi wa Tumutumu na Kikuyu nafasi yao katika teolojia.

Wakati wasomi hao wakiandika, mwanamke mwingine alikuwa akijaribiwa kwa njia ya kutisha. Marguerite Barankitse, anayejulikana kwa jina la Maggy, alifanya kazi katika ofisi ya askofu Mkatoliki wa Ruyigi, mashariki mwa Burundi. Alikuwa Mtutsi aliyewalea watoto Wahutu na Watutsi pamoja. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikawaka. Siku tatu baadaye washambuliaji Watutsi walivamia nyumba ya askofu ambako Wahutu walikuwa wamejificha. Walimfunga Maggy kwenye kiti na kumlazimisha kutazama watu 72 wakiuawa. Akafanikiwa kuwaokoa watoto 25.

Kutokana na watoto hao aliunda Maison Shalom, iliyowahudumia maelfu ya yatima, ikajenga nyumba, shule na hospitali Ruyigi. Mwaka 2015 alilazimika kukimbilia Rwanda baada ya kupinga serikali hadharani, akaanza upya na wakimbizi wenzake. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Aurora. Anapoulizwa nguvu zake zinatoka wapi, hutaja ubatizo wake na upendo wa Mungu. Hana daraja lolote la kanisa. Ni mlei, na maaskofu wengi wamejifunza kwake.

Bondo na Butere, 2021

Desemba 2016 Elizabeth Awut Ngor aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Rumbek, Sudan Kusini, katika nchi iliyokuwa vitani. Januari 2021 Emily Onyango akawa askofu msaidizi wa Bondo, mwanamke wa kwanza katika uaskofu wa Kanisa Anglikana la Kenya. Yeye ni mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha St Paul's, Limuru, na amechunguza historia ya elimu ya wanawake wa Kenya. Tarehe 12 Septemba mwaka huo huo Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa askofu wa dayosisi ya Butere, wa kwanza nchini humo kukabidhiwa dayosisi nzima.

Butere ina historia yake. Shule ya wasichana ya hapo iliasisiwa mwaka 1916 na Jane Elizabeth Chadwick, mmoja wa wanawake watano walioingia Mengo mwaka 1895. Miaka 105 ilipita kati ya darasa lake la kwanza na siku Okeno alipopewa fimbo ya kichungaji.

Haitoshi. Okeno alipowekwa wakfu, KKKT, yenye mamilioni ya waumini na wachungaji wanawake kwa miongo mitatu, haikuwa na askofu hata mmoja mwanamke. Katika parokia nyingi za Kikatoliki kamati ya fedha bado ni ya wanaume, ilhali fedha zenyewe zimekusanywa na kina mama nyumba kwa nyumba. Na majina yanaendelea kupotea: walimu wa Mbweni waliofundisha bara, bibi waliosomesha wenzao herufi Buganda, walokole waliosimama kushuhudia mwaka 1937, wenyeviti wa jumuiya wa 1976. Wengi hawakuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari za vikundi vyao, na daftari hizo ziko kwenye masanduku ya chini ya vitanda, zikiliwa na mchwa. Sharika na parokia zinazojiandaa kwa jubilei zizitafute daftari hizo kabla ya kuchapisha orodha nyingine ya wachungaji waliopita. Na aliye na bibi aliyewahi kuwa katibu au mweka hazina wa kina mama, amkalishe, amuulize, aandike majibu yake, na nakala aipeleke kwenye ofisi ya kanisa.